Mjane Hakupewa Siku 21

Jumapili moja ya mwezi wa nne, mwaka juzi, nilisali Igombe, Mwanza, kwenye kanisa la bati lililo hatua chache kutoka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Nje, kwenye mchanga na juu ya vichanja, dagaa wa usiku wa Alhamisi walikuwa wamefunikwa maturubai, na harufu ilishaanza kugeuka. Wenyeji wa mialo wanaijua harufu hiyo. Dagaa akikosa jua siku ya kwanza bado ni kitoweo, siku ya pili bei inaporomoka, siku ya tatu mnunuzi anayebaki ni yule wa chakula cha kuku. Wakati wa maombi ya waumini ulipofika, mama mmoja mwenye kanga iliyoloa hadi magotini alisimama, akamwomba Mungu afunge mvua walau siku mbili. Aliomba kama mtu anayedai deni. "Bwana, Alhamisi nilikuomba, Ijumaa nikakuomba, jana nikakuomba, na leo nimekufuata nyumbani kwako."

Amina haijapoa, mzee mmoja upande wa wanaume akanyanyuka. Alikuwa mgeni, amekuja kumwona binti yake kutoka Kwimba. Akashukuru kwa mvua. Akaeleza kwamba kwao mpunga unachanua, majaruba yalikuwa yameanza kupasuka, na yeye na mkewe wamekuwa wakiamka saa kumi alfajiri kwa wiki tatu kuomba maji ya juu. Kwa hiyo anaomba iendelee. Watu waliguna, wengine wakacheka kwa kuziba midomo. Mchungaji alikohoa, akaanzisha pambio.

Jumapili ile iliniharibia fundisho nililolizoea tangu shule ya Jumapili: ukiomba kwa kukaza, ukikesha, usipoacha, Mungu atatoa. Hawa wawili walikaza wote. Kama kung'ang'ania katika maombi ni nguvu ya kuvuta, basi siku ile kanisani kulikuwa na watu wawili wanaovutana, na Mungu ndiye kamba. Sidhani kuna Mkristo anayekubali picha hiyo akiiona wazi, lakini ndiyo iliyojificha chini ya mahubiri mengi tunayoyasikia na kuyaitikia kwa sauti.

Turudi kwenye andiko lenyewe, kwa sababu linatajwa kuliko linavyosomwa. Luka 18 inaanza kwa kutuambia kabisa mfano ni wa nini: "imewapasa kumwomba Mungu sikuzote, wala wasikate tamaa." Kisha anakuja hakimu asiyemcha Mungu wala kujali watu, na mjane anayemwendea kila mara na ombi moja tu: "Nipatie haki na adui wangu." Hakimu anakataa kwa muda, halafu anajisemea moyoni kwamba afadhali ampe, asije akamchosha. Biblia zetu zinasema "kunichosha", lakini neno la Kigiriki lililoko pale ni la mchezo wa ngumi: kumpiga mtu chini ya jicho. Paulo analitumia neno hilohilo kwa Wakorintho anapoeleza anavyoutesa mwili wake. Yaani mheshimiwa, mwenye joho na askari mlangoni, anamwogopa bibi mmoja asije akamvimbisha jicho. Wasikilizaji wa Yesu lazima walicheka. Sisi tunausoma mfano huu kwa sauti ya msibani.

Kosa letu kubwa zaidi linakuja baada ya kicheko hicho. Tunamweka Mungu kwenye kiti cha yule hakimu. Tunasema: unaona? Hata Mungu ukimsumbua sana atatoa. Mfano unakwenda kinyume chake. Hoja ya Yesu ni ya kupanda kutoka chini kwenda juu: ikiwa hata mtu wa hovyo namna hii hatimaye anatenda haki, je, Mungu asiyefanana naye hata kidogo? Mungu anaingia kwenye simulizi kama yule ambaye hakimu siye. Kwa hiyo kurudi kwa mjane kila siku hakuwezi kuwa na maana ya kumlegeza Mungu mgumu. Lazima kuwe na maana nyingine, na Luka anaidokeza kwa swali analoliacha linaning'inia mwishoni: atakapokuja Mwana wa Adamu, je, ataiona imani duniani? Hofu ya Yesu hapa haihusu masikio ya Mungu. Anahofu kuhusu sisi, kwamba tutachoka, tutaizoea dhuluma, tutaacha kwenda mlangoni.

Mimi naanzia hapo. Kung'ang'ania katika maombi ni kukataa kuizoea hali mbaya. Anayerudi kila asubuhi na ombi lilelile anatangaza, kwanza kwa nafsi yake, kwamba jambo hili bado halijawa sawa.

Rafiki wa usiku wa manane, yule wa Luka 11, anaongeza jambo jingine. Anagonga kwa jirani akitaka mikate mitatu. Jirani anajibu kutoka ndani, "Usinitaabishe," mlango umefungwa na watoto wamelala naye. Aliyewahi kupanga chumba kimoja Mabatini hahitaji kuelezwa: huwezi kushuka kitandani gizani bila kukanyaga mtoto, na ukikanyaga mmoja wameamka wote. Kwa Kigiriki, kinachomwamsha jirani kinaitwa kutokuwa na haya. Biblia ya Union imeandika "kwa vile asivyoacha kumwomba". Naona Kiswahili kiliona haya kwa niaba ya yule mwombaji. Lakini angalia mikate yenyewe ni ya nani. Ni ya mgeni aliyefika usiku. Mwanamke Mkananayo naye, aliyevumilia jibu la Yesu ambalo wengi wetu tungeondoka nalo tukilia, alikuwa akimwombea binti yake. Eliya pale Karmeli alikuwa akiiombea nchi mvua. Hana, kule Shilo, alijiombea mwenyewe, kweli, na hakuna ubaya, ila mtoto alimrudisha hekaluni mara tu alipomwachisha ziwa. Sisemi ni dhambi kuombea gari. Nasema ukikusanya wang'ang'anizi wote wa Biblia uwanja mmoja, wenye maombi ya gari hawatajaza benchi.

Sasa nije kwenye mabango. Kuanzia Buzuruga hadi Nyegezi huwezi kumaliza mwezi bila kuona tangazo la siku 21 za maombi na kufunga: siku 21 za kufungua milango, siku 21 za kuvuka na chako, picha ya mtumishi mwenye suti, na namba ya simu ya kutuma sadaka. Sina ugomvi na kufunga. Nimefunga mara nyingi, na mara moja niliishiwa nguvu ndani ya daladala, kisa ambacho mke wangu hukisimulia kila wageni wakija. Ugomvi wangu ni na hesabu.

Siku 21 zinatoka Danieli 10, ambako nabii aliomboleza majuma matatu kamili, asile chakula kitamu, nyama wala divai. Soma sura yenyewe uone. Hakuna mahali Danieli anapoambiwa, "Omba siku 21 utajibiwa." Hakujua zitakuwa ngapi. Majuma matatu yalihesabiwa baada ya kwisha. Na malaika alipofika alisema jambo ambalo mabango hayaliandiki: maneno yako yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza! Zile 20 zilizofuata hazikuwa malipo ya awamu ya kununulia usikivu wa Mungu. Malaika anaeleza kwamba kulikuwa na kizuizi njiani, vita ambavyo Danieli hakuviona. Mtu aliyekwisha kusikiwa alikuwa akiendelea kuomba, kwa kuwa hakuwa na namna ya kujua.

Ukiipa subira tarehe ya mwisho umeigeuza kuwa mkataba. Na mkataba ukivunjika lazima apatikane wa kulaumiwa. Siku ya 22 haina bango. Siku ya 22 kuna binti wa miaka 34 anarudi nyumbani Igoma bila mchumba, bila kazi, na bila elfu hamsini aliyoipanda kama mbegu, na anaambiwa pengine imani yake ilikuwa ndogo, au kuna dhambi ameificha. Yule mjane wa Luka hakupewa siku 21. Hakupewa hesabu yoyote, na ndiyo maana kwenda kwake kulikuwa imani.

Wapo wanaopinga kutoka upande wa pili. Wanasema Yesu mwenyewe alikataza maneno mengi: msipayuke-payuke kama watu wa mataifa, kwa kuwa Baba yenu anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba. Basi omba mara moja, kwa adabu, nyamaza. Hoja ina uzito, lakini huyo aliyesema hivyo ndiye aliyeingia Gethsemane akaomba mara tatu, na Mathayo anasisitiza kwamba mara ya tatu alisema maneno yale yale. Anachokikataza ni ile dhana kwamba wingi wa maneno ndio unaofanya kazi, kama vile sala ni mtambo na ulimi ni mpini wake. Mtoto anayemwambia baba yake "naumwa" mara tatu hampigi baba hesabu. Anaumwa tu.

Na hapo Gethsemane kikombe hakikuondolewa. Mhubiri yeyote wa maombi ya kung'ang'ania ambaye hapiti kwenye bustani ile anatuuzia nusu ya bidhaa.

Sisi watu wa ziwa hili tuna Gethsemane zetu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Siku mbili baadaye, wakati wengi wameshakata tamaa, wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai ndani ya kivuko kilichogeuka chini juu. Nchi nzima ilisema Mungu mkubwa, nami nilisema, na narudia leo. Lakini nilisikia pia mtu akihubiri kwamba aliyetoka alitoka kwa sababu nyumbani kwake walikuwepo waombaji wasiochoka. Nikajiuliza familia za wale wengine zaidi ya mia mbili zilikuwa zikifanya nini ufukweni siku zile mbili. Walikuwa wamelala? Mama aliyesimama kwenye mawe ya Ukara tangu Alhamisi hadi Jumamosi, macho kwenye maji, alikuwa mvivu wa kuomba? Fundisho linaloeleza uhai wa mmoja kwa kuwadharau waliofiwa, hata likiwa na aya kumi, mimi silipokei.

Ndiyo maana ananivutia Monika, mama yake Augustino, yule askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, mwanamke wa Afrika kutoka Thagaste, mji ulioko katika Algeria ya leo. Alimwombea mwanawe miaka na miaka. Alimfuata hadi askofu mmoja, akamsihi aongee na kijana. Askofu akakataa, mama akazidi kulia na kusihi mpaka yule mzee akachoka, akamwambia aende zake, haiwezekani mwana wa machozi kama haya apotee. Lakini ninachokipenda zaidi ni usiku wa Karthago, mwaka 383. Augustino alitaka kusafiri kwenda Roma. Mama hakutaka. Alimshikilia pale pwani, na kijana akamdanganya kwamba anamsubiri rafiki apate upepo. Monika akaingia katika kanisa dogo la Mtakatifu Kipriano lililokuwa karibu na meli, akakesha akimwomba Mungu amzuie mwanawe asiondoke. Upepo ukavuma, matanga yakajaa, na asubuhi mama alitoka akakuta bahari tupu.

Fikiria alivyojisikia asubuhi ile. Ombi moja, usiku mzima, na jibu ni mgongo wa meli. Ilikuwa ni huko Italia, alikoombewa asiende, kijana alipokutana na Ambrosi, askofu wa Milano, na Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa naye. Augustino mwenyewe aliandika baadaye kwamba Mungu hakumpa mama yake alichokiomba usiku ule ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote. Mtu anaweza kusema hiyo ni hekima ya kuangalia nyuma, na ni kweli. Pale ufukweni Monika hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kwamba alilia, akakasirika, akarudi kwenye maombi yake, na mwishowe akapanda meli naye akamfuata.

Naweka alama kwenye hilo la mwisho: akapanda meli.

Kuna msemo tunaoutoa haraka mno misibani: kazi ya Mungu haina makosa. Mtoto amekufa kwa homa ambayo dawa yake ingepatikana zahanati ingekuwa wazi, tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Mjane amefukuzwa shambani, mapenzi ya Mungu. Tunamnukuu Ayubu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, halafu tunafunga Biblia. Ayubu alisema hivyo sura ya kwanza. Kuanzia sura ya tatu alibishana na Mungu hadi sura ya 31, marafiki zake wacha Mungu wakimsihi anyamaze, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wale marafiki kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Kwa hiyo kusalimu amri mapema si lazima iwe unyenyekevu. Mara nyingine ni uchovu uliovaa kanzu. Paulo naye aliacha kuombea mwiba wake baada ya mara tatu, ila aliacha kwa kuwa alijibiwa: neema yangu yakutosha. Kuna tofauti kati ya mtu aliyeondoka mlangoni kwa sababu umefunguliwa, hata kama ndani amekuta kitu kingine, na aliyeondoka kwa sababu miguu imemuuma.

Mama yangu mkubwa ni mjane. Mumewe alizikwa kisiwani, na kabla arobaini haijaisha shemeji zake walihamisha mipaka ya shamba la muhogo na michungwa aliyoipanda kwa mikono yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini sheria haipandi boti kwenda kisiwani kusimama kwenye mpaka. Ameanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaenda kwenye baraza la kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halihukumu, na usuluhishi uliposhindikana akapanda ngazi hadi baraza la juu. Mwaka wa tatu huu. Ofisi moja ilimpotezea jalada. Nyingine ilimwambia arudi na barua ambayo wao wenyewe ndio wanaoitoa.

Anapokuja mjini hulala kwangu Kirumba. Huamka saa kumi na moja kasoro, hutandika kanga sakafuni kando ya friji, kwa sababu sebuleni wamelala watoto, na husali kwa kunong'ona. Nimewahi kumsikiliza, Mungu anisamehe. Maneno ni yale yale. Humtaja marehemu, hulitaja shamba kwa alama zake, mwembe, jiwe, njia ya ng'ombe, kama vile Mungu ni mpima ardhi aliyekuja jana na hajui mpaka ulipo. Huwataja shemeji zake kwa majina na kuwaombea afya. Hilo lilinishangaza. Nilimuuliza, "Mama, unawaombea na hao?" Akasema, "Wakifa, mwanangu, nitashtakiana na nani?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha huvaa, huchukua bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya kitenge, ndani yake nakala za barua, risiti na picha moja ya mumewe kashika jembe, na huniomba nauli. Sijawahi kuona sala yake ya alfajiri na safari yake ya saa moja zikitengana. Ukimuuliza leo amemwombea Mungu nini atakwambia: shamba. Ukimuuliza anakwenda wapi atakwambia: shambani, kwa njia ya barazani. Vijana wangu wanamwita Eliya, kwa ajili ya yule mtumishi wake aliyetumwa mara saba kuangalia baharini dalili ya mvua na mara sita akarudi akisema hakuna kitu. Nimewarekebisha kwamba Eliya alikaa chini ameinamisha uso kati ya magoti. Aliyekuwa akipanda na kushuka kilima ni mtumishi, na jina lake hatujui. Mama mkubwa yeye ni wote wawili.

Sijui kama atashinda. Wakili mmoja kijana aliyemsaidia bure anasema ushahidi ni mzuri. Upande wa pili una pesa. Wiki iliyopita nilimsindikiza hadi barazani, tukakaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili, tukanunua karanga, akanisimulia habari za machungwa ya msimu wa mwaka alioolewa. Saa saba karani alitoka akasoma orodha. Shauri limeahirishwa, mwenyekiti yuko safarini. Mama mkubwa aliuliza tarehe, akamwomba karani amwandikie kwenye karatasi kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha.

Tarehe 14 iliahirishwa. Sasa ni tarehe 28, saa tatu asubuhi.